Aseniki ya Harbin na seli za kansa ya mfupa: kesi moja tuichambue mpaka mwisho

Tuanze na dawa yenyewe, maana wengi wakisikia dawa ya asili ya Kichina wanawaza majani na mizizi ya kuchemsha. Hii siyo jani. Ni aseniki, unga mweupe usio na harufu, Wachina wanauita pishuang, na ndio huo huo uliokuwa unatumika kuulia panya na ambao watu walikuwa wanawekeana kwenye chakula wakigombania urithi. Jina lake la kikemia ni aseniki trioksaidi. Kwenye tiba ya Kichina imekaa karne na karne, inapakwa kwenye vidonda, inatiwa kidogo kidogo kwenye vidonge, kwa msimamo wao kwamba sumu inapigwa kwa sumu. Na Waingereza nao wasijifanye wageni, tangu 1786 walikuwa na maji ya Fowler yenye aseniki kama asilimia 1, karne ya 19 madaktari wa Ulaya wakayatumia hadi kwa kansa ya damu, halafu mionzi na kemo zilipofika yakawekwa pembeni.

Nimeichagua hii kwa sababu swali la kama dawa ya Kichina inaua seli za kansa ya mfupa linaulizwa sana, na jibu la haraka ni ndiyo, inaua, ripoti ziko kibao na siyo za aseniki tu, kuna za kemikali za mimea kama berberini, tanshinoni, triptolaidi, hata kukumini ya manjano hii hii ya jikoni, zote zimewekwa kwenye seli za mfupa na zote seli zimekufa. Ila hilo "ndiyo" halina uzito ambao watu wanaupa. Kati ya hizo nilizotaja ni aseniki peke yake iliyopanda ngazi yote mpaka ikawa dawa halisi ya kansa yenye kibali, kwa hiyo hapa tuna bahati ya kulinganisha, tunajua inavyoonekana ikifanya kazi kweli kwa mgonjwa, na tunajua inavyoonekana ikiwekwa kwenye seli za mfupa.

Turudi Harbin. Mji uko kaskazini mashariki kabisa mwa China, mkoa wa Heilongjiang, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni, madaktari wa mjini wanapelekwa vijijini na wanaambiwa wajifunze dawa za wenyeji. Huko wilaya ya Lindian ikasikika kuna mganga anatibu kansa kwa mchanganyiko wa vitu vitatu, aseniki, kalomeli ambayo ni chumvi ya zebaki, na sumu ya chura ile inayokamuliwa kwenye ngozi yake. Mfamasia mmoja wa hospitali ya Chuo cha Udaktari cha Harbin, Han Taiyun, akaichukua akaigeuza iwe sindano, ikaitwa 713 kwa kuwa ilitengenezwa mwezi wa tatu 1971, baadaye ikaja kujulikana kwa jina la Ailing.

Hapo wengine wangeishia, wangeweka lebo na kuuza. Daktari Zhang Tingdong na wenzake wakaendelea kuchokonoa, kipi humo ndani kinafanya nini, na walichokuta ni kwamba sumu ya chura inapandisha presha, kalomeli inaumiza figo, na ukivitoa vyote viwili ukabaki na aseniki dawa bado inafanya kazi. Yaani theluthi mbili ya ile dawa ya asili ilikuwa mzigo tu kwa mgonjwa. Hiki kipande watu wa "asili haina madhara" hawapendi kukisimulia. Na magonjwa nayo wakayachuja hivyo hivyo, 1973 wakaripoti wagonjwa 6 wa lukemia (kansa ya damu) sugu, 1979 ikatoka ripoti ya wagonjwa 55 wa lukemia kali, na kadiri wagonjwa walivyoongezeka ndivyo ilivyoonekana kuna aina moja inaitikia kuliko zote, ile wanayoiita M3 au APL, ambayo enzi hizo ilikuwa inaua watu kwa kuvuja damu ndani ya siku chache tu.

Mwaka 1992 wakatoa ripoti ya wagonjwa 32 wa APL, na 21 kati yao kansa haikuonekana tena kwenye vipimo. Shanghai wakaidaka, timu ya Wang Zhenyi, Chen Zhu na Chen Guoqiang, na 1997 wakatoa ripoti ya wagonjwa 15 ambao ugonjwa ulikuwa umeshawarudia, 14 wakasafishika. Marekani hawakuamini, wakajaribu wenyewe New York, 1998 wakatangaza 11 kati ya 12. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipa kibali. Na 2013 Waitaliano na Wajerumani wakamaliza ubishi, wakawapa kundi moja aseniki pamoja na dawa ya jamii ya vitamini A bila kemo, kundi lingine vitamini A na kemo ya kawaida, baada ya miaka 2 asilimia 97 ya kundi la aseniki walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86. Kwenye kansa namba kama hizo ni za kusimama na kupiga makofi.

Sasa kwa nini ilifanya kazi? Kwenye APL, kromosomu ya 15 na ya 17 zimekatika zikabadilishana vipande, na panapounganika panatoka protini moja ya ajabu, PML-RARα, inayozuia chembe changa za damu zisikomae. Ugonjwa wote umesimama kwenye hiyo protini kama stuli ya mguu mmoja. Aseniki inashika upande wa PML moja kwa moja, inanasa pale kwenye sisteini, kile kipande cha protini chenye salfa, hilo lilithibitishwa 2010, halafu protini inawekewa alama na seli yenyewe inaipeleka kwenye mashine yake ya kusaga taka. Mguu umevunjika, stuli imeanguka. Chembe nyingine zinakomaa, nyingine zinakufa. Na zingatia mtiririko: wagonjwa walianza kupona miaka ya 1970, maelezo ya kwa nini yakaja miaka ya 1990 na baada ya hapo.

Upande wa mfupa mtiririko uko kinyume, wameanza na seli kwenye sahani.

Kansa tunayoizungumzia ni osteosakoma, inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, siyo ile ya titi au tezi dume iliyosambaa ikafika mfupani, hizi watu wanazichanganya sana na matibabu yake ni mbalimbali kabisa. Inashika zaidi vijana walio kwenye kipindi cha kurefuka, karibu na goti, mtoto anasema mguu unauma usiku, nyumbani wanasema ni mpira. Zamani ilikuwa ni kukata mguu tu, na hata ukikatwa wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili kansa inaibukia mapafuni, waliopona hawakufika hata 2 kwa 10. Kemo ilipoongezwa miaka ya 1970 na 1980 ikapanda mpaka kama 6 au 7 kwa 10 kwa wale ambao haijasambaa, na tangu hapo imegoma kupanda. Dawa ni zile zile tatu, methotreksati, doksorubisini na sisplatini. Ukiwa mtafiti na ugonjwa umekaa miaka 40 haujasogea, lazima utajaribu kila kitu kilichopo kabatini, kwa hiyo siwalaumu kabisa waliochukua aseniki wakaipeleka huko.

Jinsi wanavyofanya ni hivi. Seli zenyewe hazitoki kwa mgonjwa wa jana, ni koo za seli zilizotolewa kwa watoto miaka mingi nyuma na zinaendelea kugawanyika kwenye chupa mpaka leo: U-2 OS zilitolewa kwenye mfupa wa muundi wa binti wa miaka 15 mwaka 1964, MG-63 zilitoka kwa mvulana wa miaka 14, Saos-2 kwa binti wa miaka 11 mwaka 1973. Zina tabia tofauti, Saos-2 kwa mfano hazina kabisa p53, ile protini inayoilazimisha seli iliyoharibika kujiua, wakati U-2 OS bado zinayo nzima, ndiyo maana mtafiti makini anatumia koo zaidi ya moja ili ajue dawa inategemea p53 au haitegemei. Ripoti ya ukoo mmoja tu mimi naisoma nikiwa nimeshapunguza nusu ya imani.

Sahani ya plastiki ina vishimo 96, kila kishimo kinaingia seli elfu kadhaa na maji ya lishe ya rangi ya waridi, zinaachwa usiku mzima zishike chini. Kesho yake vishimo vya safu hii vinawekewa dawa kidogo, safu inayofuata zaidi, inayofuata zaidi, na safu moja haiwekewi kitu au inawekewa kile kiyeyushio tu. Masaa 24, 48, 72. Halafu inawekwa kemikali ya njano, MTT, ambayo seli iliyo hai inaigeuza kuwa chembechembe za zambarau, wanaziyeyusha, mashine inasoma rangi, zambarau ikiwa nzito seli nyingi ziko hai, ikififia basi zimepungua. Ile grafu unayoiona imeshuka kama mteremko ndiyo hii. Lakini MTT kwa kweli inapima seli inavyochakata nishati, kwa hiyo seli iliyokufa na seli iliyolala tu zinaweza kutoa rangi moja, na majimaji ya mimea mingine yenyewe bila seli yoyote yanaigeuza ile njano kuwa zambarau, vipimo vinavurugika. Ndiyo maana wanaongeza vipimo vingine, vya kuangalia kama seli imejiua kwa utaratibu, kama DNA imekatika, protini gani zimepanda na zipi zimeshuka. Na hata vyote vikikaa sawa bado ni seli kwenye plastiki, ambapo hata chumvi ya mezani ukizidisha seli zote zinakufa na grafu inashuka vizuri tu.

Aseniki imefanya nini humo? Kwanza inaua kwa ile njia yake ya jumla, inashika protini zenye salfa, inavuruga mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, seli inajaa kemikali za oksijeni zinazounguza kila kitu, mwishowe inajiua. Pili, na hapa ndipo pana kitu cha maana, kuna timu ya Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, walikuwa wameshaonyesha kwamba protini inayoitwa GLI2 iko juu kwenye osteosakoma za wagonjwa na inazisukuma seli zigawanyike. GLI ni mwisho wa njia ya mawasiliano inayoitwa Hedgehog, ambayo mtoto akiwa tumboni inatumika kuujenga mwili na baadaye inatakiwa itulie. Wengine Marekani mwaka 2010 na 2011 walishaonyesha kwamba aseniki inaishambulia GLI yenyewe. Basi 2013 watu wa Kagoshima wakaunganisha hayo mawili, wakaiweka aseniki kwenye seli za osteosakoma, jeni zinazoamrishwa na GLI zikashuka, uharibifu wa DNA ukalundikana, seli zikaacha kukua, na panya wa maabara waliopandikizwa hizo seli uvimbe ukakua taratibu kuliko wale ambao hawakupewa.

Kwangu hiyo ni kazi nzuri, ina sababu, ina koo za seli, ina mnyama. Lakini tuiweke pembeni ya APL tuone.

Osteosakoma haina mguu mmoja. Ukifungua kromosomu zake unakuta vurugu, zimevunjika vipande na kuunganishwa ovyo, p53 imeharibika huku, RB1, jeni nyingine ya kuizuia seli isigawanyike ovyo, imepotea kule, na mgonjwa wa kitanda hiki hafanani na wa kitanda cha pili. Hakuna PML-RARα humo. Ukiizima GLI umezima injini moja kati ya nyingi, seli zitapunguza mwendo, zitatafuta njia nyingine. Kuchelewesha uvimbe kwa panya na kumponya kijana ni vitu ambavyo kati yake kuna bonde refu sana na dawa nyingi zimezikwa humo.

Halafu kuna suala la dozi, ambalo kwangu ndilo kila kitu na watu hawaliangalii. Kwenye seli za APL, aseniki ya maikromola (kipimo cha dawa ni nyingi kiasi gani kwenye maji au damu) 0.1 mpaka 0.5 inaanza kuzikomaza, 0.5 mpaka 2 inaziua. Mgonjwa akitundikiwa dripu ya miligramu 10, kilele kwenye damu kilipimwa kati ya 5.5 na 7.3, halafu kinaporomoka haraka sana. Kwa hiyo kwa APL kuna nafasi, dawa inafika na inabaki na chenji. Seli za uvimbe mgumu, yaani kansa zinazofanya uvimbe na siyo za damu, kwa kawaida zinataka zaidi, moja ya sababu ni kwamba zina akiba kubwa ya glutathioni ambayo inaifunga aseniki na kuitoa nje, wakati seli za APL akiba hiyo ni ndogo. Na kwenye sahani dawa inakaa pale pale masaa 72 haiendi popote, kwenye mwili kile kilele ni cha muda mfupi. Tena seli ya kansa ya damu inaogelea ndani ya dawa yenyewe, ya mfupa imejificha ndani ya uvimbe uliojijengea mfupa wake wa hovyo kuuzunguka, mishipa ya damu haigawi sawa. Kwa hiyo unapoona grafu inasema seli zimekufa nusu, swali la kwanza kabla ya kushangilia ni kwa maikromola ngapi, na je, binadamu anaweza kuzibeba hizo kwenye damu bila moyo wake kusimama.

Moyo sijausema kwa mkwara. Aseniki inavuruga umeme wa moyo, mgonjwa wa APL anapigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara kwa mara, anapimwa potasiamu na magnesiamu, na kuna wakati dozi inasimamishwa. Sasa chukua mgonjwa wa osteosakoma ambaye yuko kwenye doksorubisini, dawa ambayo nayo inachosha moyo, na sisplatini inayopiga figo, na methotreksati ya dozi kubwa ambayo usalama wake wote unategemea figo ziitoe kwa wakati, halafu nyumbani shangazi kwa nia njema kabisa anampa vidonge vya Kichina vya kusafisha damu. Baadhi ya vidonge vya kienyeji vya Kichina vina realga, hayo ni mawe mekundu ya aseniki na salfa, yamo kwenye fomula yenyewe, siyo uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Daktari anaona ini limepanda, figo zimeshuka, anapunguza kemo bila kujua chanzo. Hapo ndipo dawa isiyotibu inapogeuka kuwa dawa inayopunguza ile inayotibu.

Mtu atasema mbona artemisinini imetoka kwenye jani la Kichina na leo dawa mseto ya malaria tunameza wote. Ni kweli, na Tu Youyou alipewa Nobel 2015 kwa haki yake. Ila angalia alichofanya, alitafuta kemikali ndani ya mmea, akagundua kuchemsha kunaiharibu, akaitoa kwa etha isiyohitaji moto mkali, ikajaribiwa kwa panya, nyani, akaimeza mwenyewe, kisha wagonjwa. Ni mwendo ule ule wa Harbin wa kuchambua na kutupa kisichofaa. Hata realga yenyewe imepita huko, Wachina walitengeneza kidonge cha realga na nili kwa ajili ya APL, wakakishindanisha na dripu ya aseniki kwa wagonjwa 242, matokeo 2013 yakaonyesha hakipitwi. Kwa APL.

Nikipima kesi nzima, aseniki inaua seli za osteosakoma kwenye sahani, ndiyo, na ina sababu moja inayoeleweka ya GLI ambayo ni bora kuliko ripoti nyingi za mimea zinazoishia kusema Bax (protini inayosukuma seli ijiue) imepanda, Bcl-2 (inayoizuia) imeshuka, asanteni. Kama dawa ya mgonjwa wa mfupa haijafika. Majaribio ya aseniki kwenye uvimbe mgumu kwa ujumla yamekuwa ya kukatisha tamaa, na nadhani sababu ni hizo hizo mbili, hakuna mguu mmoja wa kuvunja na dozi haitoshi kabla mwili haujaumia. Kinachoweza kuwa na maisha ni kuitumia kidogo pamoja na dawa nyingine ili kemo ishike vizuri zaidi, lakini hapo ndipo doksorubisini na moyo vinapokutana, sijui nani atataka kuwa wa kwanza kusaini fomu.

Kwa mwenye kijana ambaye goti linauma zaidi ya wiki chache, limevimba, linamwamsha usiku, X-ray ndiyo ya kwanza, siyo kuchua wala vidonge. Na ikionekana kitu, kinyama cha kupima kichukuliwe na timu itakayokuja kufanya upasuaji au kwa maelekezo yao, maana sindano ikipitishwa upande usiofaa njia yake inabidi ikatwe pamoja na uvimbe, na hapo mguu ambao ungeokolewa unaweza usiokoleke. Kama kuna vidonge vyovyote vya asili anatumia, daktari aonyeshwe kopo lenyewe, asisimuliwe tu.

Siku ikitoka ripoti ya vijana wa osteosakoma waliogawanywa makundi mawili, wote wanapata zile dawa tatu, kundi moja limeongezewa aseniki, na baada ya miaka wamehesabiwa nani kansa imemfikia mapafuni na nani haijamfikia, hiyo nitaisoma neno kwa neno. Kile kibali cha Marekani cha mwaka 2000 bado kimeandikwa APL tu.